Maji ya Senge

Matisi, Jumamosi, Aprili 2004

Bado siamini. Wiki nzima pombe yangu ya chang'aa imekuwa ikigeuka nyeupe kila nikiipunguza ukali kwa maji ya kisima, na wateja wamenikimbia wakidhani nimeitia sumu. Niliogopa hata kuamka.

Leo senge Nekesa, dada ya baba, amekuja kutoka Misikhu. Ameonja maji yangu, akatema.

"Haya yana chumvi ya mawe, ndiyo inayoigeuza nyeupe. Ngoja mvua, bana."

Imenyesha saa tisa. Maji ya kwanza ya paa ameyamwaga, yaliyofuata akayakinga. Ameyamimina polepole kwenye glasi ya chang'aa. Glasi imebaki safi kabisa, nikaona vidole vyake upande wa pili.

Senge hajawahi kuingia darasani. Mimi niliyefundisha sayansi miaka kumi nimeketi chini, nikamwomba anieleze tena.