Baba Anaambiwa ni Kidonda, Maabara Inasema Saratani

Mama Ogulbike, nisaidie kabla sijagombana na ukoo mzima.

Jumanne daktari wa maabara hapa Gonbad aliandika kwamba kati ya vipande sita vilivyokatwa kwenye umio wa baba, viwili vina saratani, ila bado iko kwenye utando wa juu tu, haijazama, na yule daktari wa mpira wenye kamera akasema inaweza kutolewa kwa mpira huohuo bila kupasua kifua, akatupa miadi ya Jumamosi, tarehe ishirini na sita ya mwezi wa Mehr, saa mbili asubuhi. Sasa karatasi aliichukua kaka yangu Hojamorad, akamwambia baba ni kidonda cha tumbo, maana kwetu mgonjwa hatajiwi jina hilo, na baba, Mzee Orazgeldi, muuza kondoo, akacheka: "Kwa kidonda nimeze bomba mara ya pili? Kalimeze wewe, Hoja, mwenye koo pana!" Nikimbana kaka ananijibu, "Dada, unataka kumuua kwa mdomo?", shangazi wanaitikia, na baba yuko palepale na birika lake, si unajua kwetu kila mtu hunywa kwa birika lake, anapiga chai ya moto wa kuunguza huku ananitania, "Aysoltan, ikipoa mpe ndama." Alipimwa kwa sababu tu baba mdogo alikufa kwa ugonjwa huo; yeye wali anameza vizuri, haumwi popote, nami nimechoka kubembeleza watu wazima. Nifanyeje?

Aysoltan, Gonbad

Aysoltan,

Pole, lakini na wewe unanichosha. Hojamorad alidanganya, wewe ukanyamaza. Baba yenu anadanganywa na wawili. Wala si mkaidi. Ameambiwa ana kidonda, akaamua kama mtu mwenye kidonda.

Nimemuuliza daktari mmoja. Anasema doa changa hivyo mara nyingi halionekani mpaka wanyunyize ayodini: palipo pazima panageuka kahawia, doa linabaki jeupe. Mgonjwa hahisi kitu. Baba yenu mdogo alikwenda hospitali lini? Bila shaka maji yaliposhindwa kupita kooni. Ndicho mnachosubiri?

Majina nimebadilisha. Wauza kondoo wenye mabirika wamejaa mji huu, kwa hiyo baba yako anaweza kuisoma barua hii na kumhurumia mtu mwingine, asijue ni yeye. Msimfikishe huko.

Leo baada ya chakula cha mchana, shangazi wakae nje. Mwambie: "Baba, ni saratani, ni changa, inatolewa sasa." Mpe karatasi aisome. Akifoka, mwache afoke. Akikataa huku anajua, ni haki yake. Akikataa kwa uongo wenu, lawama mtabeba ninyi.

Msimwahidi kwamba amepona. Kipande kitakachotolewa kitarudi maabara, na wao ndio watakaosema kama kingo zake ni safi. Birika libaki lake, ila chai ipoe kwanza, maana moto ule unaunguza umio; ndama atavumilia.

Ijumaa ale mapema, kisha afunge kama hospitali ilivyowaelekeza. Jumamosi, tarehe ishirini na sita ya Mehr, saa mbili asubuhi, awe mlangoni. Hojamorad ndiye aendeshe gari.