Nusu Kidonge cha Hajji

Zaituni,

Mtu akifa hufa. Wewe bado unatafuta nini nyumbani kwangu? Nilikuosha kwa mikono hii, nikakufunga sanda vizuri kuliko walivyotaka dada zako, na bado kila asubuhi nikimpelekea mume wetu dawa nakukuta umeshakaa kitandani, katikati yetu. Sogea huko! Mimi Hadija ndiye mke mkubwa. Wewe ulinikuta.

Tangu tukuzike, Hajji yuko kwangu hapa Port Bell. Alihama kwako Nateete na kanzu zake na lile kopo lako la majani ya chai ulilomwekea dawa za moyo. Nilisema kopo litupwe. Akalikumbatia kama mtoto. Nikaliacha, mgonjwa wa moyo hapigiwi kelele.

Tuliporudi kliniki ya hospitali, daktari, binti mdogo tu lakini hana mchezo, alimpima damu akaniita pembeni, kwa heshima kama bibi yake. "Jaja, sasa na figo zake zimechoka. Hiki kidonge cha moyo kinabakiza potasiamu mwilini, na figo hazina tena nguvu ya kuitoa. Ikijaa kwenye damu, moyo unaweza kusimama. Mpe nusu. Kile cha kukojoza, cha kupunguza maji miguuni, mpe kizima kama zamani. Na matoke, nayo yana potasiamu hiyohiyo, usiyapike kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba. Yamenye, yachemshe, maji yake umwage."

Basi nikakata kidonge kwa kisu cha vitunguu. Unajua mzee wako alisemaje? Alikiweka kiganjani, akakigeuza, akaniambia mbele ya wajukuu: "Zaituni alinipa kizima. Wewe hata dawa unabania?" Matoke nayo akayasukuma. Ati yako yalinukia majani ya mgomba, yangu ni chakula cha wafungwa wa hapo juu Luzira.

Sikia nikwambie. Ulimpa kizima kwa sababu figo zilikuwa bado zinafanya kazi. Si kwa sababu ulimpenda kunishinda! Mimi ningeweza kumpa vitatu kwa siku, anisifu, nimzike.

Ninachokuonea wivu si kidonge. Ni ile sauti yako. Nilikuwa nakuja kuwatazama, niko jikoni kwako namenya ndizi, nakusikia: "Fungua mdomo, bwana harusi." Mzee wa meno mawili, bwana harusi! Nilicheka mpaka kisu kikaanguka. Halafu nikakasirika kwa sababu nilicheka. Mimi sijui maneno hayo. Mimi husema, "Meza, nina kazi."

Ijumaa iliyopita aliswali, akashindwa kuinuka kwenye mkeka. Miguu imelegea, moyo unaruka hatua. Tulimkimbiza hospitali, wakamchoma dripu, damu imejaa ile potasiamu. Binti daktari akaniuliza mimi nimempa nini. Mimi! Kumbe kila nilipompa nusu yangu na kugeuza mgongo, alifungua kopo lako akameza kizima ulichoacha. Nusu ya mke hai haikumtosha, mpaka aongeze kizima cha marehemu.

Karibu akufuate, Zaituni. Mngekaa huko mkanicheka.

Amerudi nyumbani, mwepesi kama unyoya. Vidonge vyako nimevirudisha kliniki, kopo natilia sindano na nyuzi. Kile kidonge cha moyo kilisimamishwa kwanza. Sasa damu imepimwa tena, na kesho tunaanza upya, nusu ileile. Yeye amegeukia ukutani: hatameza nusu ya mtu, anataka dawa ya Zaituni. Nimemsihi. Mimi, kusihi! Na moyo wake usipopata chochote, maji yatamjaa tena mpaka kifuani.

Siku unakata roho ulinishika kidole: "Dada mkubwa, usimwache ameze peke yake." Niliitika, na sitamwacha. Kaburi lako nitalipalilia mwenyewe, na Yasini nitakusomea, ingawa nasoma polepole. Lala kwa amani, mke mwenzangu.

Lakini kabla hujalala, fanya kazi moja. Mwendee ndotoni leo, umwite bwana harusi, nimekuruhusu. Mwambie nusu ndiyo dawa, na ameze kutoka mkononi mwa Hadija. Akikubali, usikae hata kidogo. Zamu yako imekwisha. Toka, ufunge mlango.