Fundi Kaniambia Manyoya Yangu Yamechoka

Bi Magdalene mpendwa, nisaidie kabla sijapoteza rafiki na binti kwa mkupuo mmoja. Mimi naitwa Mashauri, naishi Märsta, huku Uswidi, nafanya usafi uwanja wa ndege, na nina Pontiac ya mwaka 1969, silinda nane, ambayo mke wangu anaiita mke mwenza, na mwezi Juni binti yetu Emilia anaolewa na ameomba mwenyewe nimpeleke kanisani na gari hilo, sasa kamshafti ya zamani, ule mhimili wa injini unaofungua na kufunga valvu, imelika, lazima niweke mpya, nami roho yangu yote imependa ile kali kabisa, inayonyanyua valvu juu sana mpaka gari likisimama kwenye taa linatetemeka na kunguruma, Märsta nzima ijue baba wa bibi harusi anapita.

Fundi wangu ni Ivan wa Upplands Väsby, Mserbia, mtu mwema sana, Kiswahili hajui na Kiswidi changu ni cha kuombea chumvi, tukiwa gereji tunaelewana kwa mikono, lakini safari hii alipiga simu, nikamwita Emilia atafsiri, kama anavyonitafsiria kila mahali tangu shule ya msingi, akasikiliza, akasita, akasema, "Baba, Ivan anasema kamshafti hiyo kali hapana, maana manyoya yako ni ya zamani na yamechoka." Nikamuuliza, "Manyoya?" Akasema, "Ndiyo, *fjädrar*, manyoya, anasema yamelegea." Bi Magdalene, ndevu zangu zina mvi, sikatai, lakini niambiwe nimezeeka mpaka manyoya, tena mbele ya binti yangu! Nikaikwapua simu, nikamwambia kwa Kiswahili kitupu, "Kuku ni wewe!" nikakata.

Kesho yake akatuma picha ya vichuma vilivyojiviringa na alama ya dole gumba, nikaona ananizuga tu, sikujibu. Emilia nilimfokea kwa kuniletea matusi bila hata kunitetea, akalia, na sasa anasema ataenda kanisani kwa treni. Injini iko wazi kwa Ivan. Je, nitafute fundi mwingine anifungie kamshafti ninayoitaka, au niliuze gari yaishe?

Mashauri, Märsta

*Bi Magdalene anajibu:*

Jina lako Mashauri, na hukutafuta shauri kabla ya kufungua mdomo! Nimecheka mpaka mume wangu Malik katoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kulikoni. Pole ndugu yangu, ila hakuna aliyekutukana. Kwa Kiswidi *fjäder* ni unyoya, na *fjäder* hiyo hiyo ni springi. Emilia kalijua neno hilo tangu chekechea, kila Pasaka walipofunga manyoya ya rangi kwenye matawi, kama ilivyo desturi ya Waswidi. Springi ya valvu angeijulia wapi, uliwahi kumtajia mezani? Ivan alikuwa anazungumzia springi za valvu za gari lako, na ile picha uliyoipuuza ndiyo springi yenyewe.

Tena kasema kweli. Malik, ambaye kwa magari ya zamani hana tofauti na wewe, kanichosha masikio jioni nzima. Anasema ukiweka kamshafti inayonyanyua valvu juu namna hiyo juu ya springi zilizochoka, injini ikikimbia valvu hazirudi kwa wakati, zinagongana na pistoni, na gari linabaki pambo la uani. Ukikimbilia springi ngumu kupita kiasi, nazo zitaila kamshafti yako mpya mapema. Halafu injini yenye kamshafti kali, ikiwa mwendo mdogo, hainyonyi hewa vya kutosha kuisaidia breki, na msafara wa harusi ni mwendo mdogo mwanzo mwisho. Unataka bibi harusi aingie kanisani kwa mlango au kwa ukuta? Chukua kamshafti ya wastani na springi zilizotengenezwa kwenda nayo, seti moja, na mwache Ivan achague. Itanguruma vya kutosha, usiwe na wasiwasi.

La Emilia sikuchekei. Mtoto huyo amekuwa ulimi wako tangu shule ya msingi: kwa daktari, benki, kwa watu wa kodi, kwa mwenye nyumba. Kabeba maneno ya watu wazima akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu, na sidhani uliwahi kumsifu kwa yale mengi aliyoyapatia. Leo ukitoka kazini, kabla hujavua koti, mwambie umekosa. Habari za ndevu zako usimweleze. Muulize kama bado anataka kupanda gari la baba yake, na akisema treni, panda naye treni.

Kisha nenda kwa Ivan, na uende peke yako. Usimchukue Emilia akakuombee msamaha. Kiswidi cha samahani ni *förlåt*. Jifunze njiani.