Kisanduku cha Gojko

Jumamosi, 24 Februari

Leo nimekatazwa kahawa. Mimi! Ndani ya nyumba yangu! Na nani? Na Gojko, mwanangu mwenyewe, niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili. Ati mtu akiamka angoje dakika tisini kabla ya kahawa, ubongo uamke wenyewe kwanza. Nimemwambia ubongo wangu una miaka sabini na tatu, ukingojewa dakika tisini hauamki tena. Hakucheka. Siku hizi hacheki.

Tangu mkewe Ljilja amwache na yeye arudi kwangu — sasa ni miezi mitatu — nyumba imegeuka duka la dawa. Vidonge vya magnesiamu. Mafuta ya samaki. Unga wa uyoga wa kutia kwenye kahawa, hiyo kahawa yenyewe ikisharuhusiwa. Uyoga kwenye kahawa! Uyoga ni wa supu, kila mtu anajua.

Jirani yangu Smilja alikuja saa moja kamili, kama alivyokuja kila asubuhi miaka ishirini. Akasomewa somo la dakika tisini hapo hapo mlangoni. Shoga yangu hakubishana, alinishika mkono tukaenda kunywa kwake. Ni hatua kumi na nne tu mpaka mlango wake, lakini kwa nyonga hii nilifika jasho linanitoka.

Jumanne, 27 Februari

Upepo! Amefungua dirisha la jikoni na la chumbani kwa pamoja, mwezi wa pili, nje kuna barafu. Mji wetu wote wa Sombor unajua kwamba upepo unaokatiza nyumba ndio unaoua watu. Mjomba Sava alikaa kwenye upepo wa namna hiyo saa moja tu, mdomo ukapinda, akazikwa nao umepinda. Gojko ati hewa baridi inaleta umakini. Tena anatembea peku kwenye vigae. Nimemrushia sapatu zote mbili, moja imempata.

Halafu hili la pete. Nilimwuliza, umelalaje mwanangu? Badala ya kunijibu akatazama simu! Pete iko kidoleni, inaiambia simu, simu inamwambia yeye kama alilala. Ikasema alilala vibaya, akanuna kutwa. Na kabla ya kuitazama alikuwa anapiga mluzi bafuni. Nilimsikia kwa masikio yangu haya mabovu.

Alhamisi, 29 Februari

Kuna jipya. Kisanduku. Kinene, cheupe, kina saa kwenye kifuniko. Unatia simu, unazungusha, kinajifunga mpaka muda uishe. Saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, ndipo Gojko anapofanya kazi yake ya kompyuta kwenye meza yangu ya kulia. Anasema "amezama" kazini, asisumbuliwe. Hakuna ufunguo. "Hata nikitaka mwenyewe, siwezi kukifungua," aliniambia, na akajisifia hilo! Mwanamume wa miaka arobaini na mmoja anajifichia simu kama mtoto anayefichiwa sukari.

Nikamwuliza: na hospitali wakipiga? Maana namba iliyoandikwa kwenye orodha ni yake, mimi kwenye simu ya mkononi sisikii vizuri. Nimengoja kubadilishiwa nyonga miaka mitatu na miezi minne. Akasema hospitali hawapigi asubuhi. Nani kamwambia? Nilikuwa opereta wa simu posta miaka thelathini na mmoja, nimeunganisha simu za mji huu wote. Hospitali hupiga asubuhi! Baada ya chakula cha mchana humpati mtu pale hata ukichoma jengo.

Jumatatu, 4 Machi

Habari! Smilja alikwenda hospitali kuniulizia. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilimpa nusu kilo ya kahawa na chokoleti amfikishie muuguzi anayeshika orodha. Amerudi anahema. Kuna bwana mmoja wa mji wa Apatin kaogopa kisu, kajitoa. Nafasi ya tarehe kumi na nane iko wazi na jina langu ndilo linalofuata. Watapiga wiki hii. Watapiga mara tatu. Asipopokea mtu, nafasi inakwenda kwa mwingine, na mimi narudi mkiani mpaka mwakani.

Nikamwuliza: na namba haibadilishwi? Inabadilishwa, ila niende mwenyewe na kitambulisho. Mimi, ghorofa ya nne, jengo halina lifti! Mara ya mwisho nilishuka kwa dakika arobaini, kupanda sitaki hata kukumbuka.

Nilimweleza Gojko wakati wa chakula. Akaweka kijiko chini. "Wiki hii simu itakaa mezani, Mama. Naapa kwa kaburi la Baba." Nikaingia jikoni nikalia kidogo. Alipouliza nikasema vitunguu.

Jambo moja nitaliandika hapa tu. Vile vidonge vyake vya magnesiamu namwibia kimoja kila siku kabla ya kulala. Misuli ya mguu imeacha kunikaza. Asijue kamwe.

Jumatano, 6 Machi

Simu imekaa mezani siku mbili. Hawajapiga. Na Gojko hatulii, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anaandika kidogo, anaichukua, anaiweka, anaichukua tena. Nilipita nyuma yake na chai nikaona anachotazama. Ni Ljilja. Picha za Ljilja kwenye theluji, na bwana mmoja mwenye ndevu kamshika kiuno. Anazitazama, anazifunga, baada ya dakika anazifungua.

Kumbe ugonjwa wenyewe ndio huu! Akasema, bila kugeuka: "Kile kisanduku, Mama, ndicho kitu cha kwanza kilichonisaidia tangu aondoke."

Niliumia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimpapasa kichwa nikamwachia chai. Lakini nilipoinuka kitini jioni, nyonga ikanichoma mpaka nikaona nyota, na hasira ikarudi yote. Kwa nini yeye apone kwa mguu wangu? Siku tano tu nimemwomba. Siku tano!

Ijumaa, 8 Machi

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Nisipoandika nitapasuka.

Nimeamka nimekuta meza tupu na karatasi. "Mama, pete inasema nimelala kwa muda wa saa tatu tu. Samahani, ni leo tu. Ijumaa hawapigi. Naenda kuogelea kwenye maji baridi ya mfereji, nitarudi na maua ya sikukuu yako." Ijumaa hawapigi! Maua! Nani kataka maua? Sikukuu ya wanawake, na mwanamke mwenyewe hawezi kushuka ngazi!

Kisanduku kipo juu ya kabati la vyombo. Simu yake imo. Na yangu imo! Ameitia kwa sababu jana nilizungumza na Smilja kwa sauti wakati yeye amezama. Kifuniko kinaonyesha saa mbili na dakika ishirini zimebaki.

Saa tatu na dakika nane ikalia ndani ya kisanduku. Ya kwake, naujua mlio wake. Nikafikiri labda ni mtu wa kazini. Saa tatu na ishirini na tano ikalia tena, kwa muda mrefu. Mtu wa kazini haachi ilie hivyo. Simu za watu zimenililia masikioni miaka thelathini na mmoja, najua mtu anayepiga kwa sababu ya orodha iliyo mbele yake.

Nimegonga kwa Smilja. Hayupo, yuko kwa binti yake. Wapangaji wa mlango wa tatu wako kazini. Nimezungusha kifuniko, nimekikwangua kwa kisu, nimekitukana. Sasa nimekishusha mezani, na kando yake nimeweka nyundo ya kupondea nyama. Ile ya mbao yenye meno ya chuma, ya mama mkwe.

Nami nimekaa. Naona aibu. Nyundo iko hapa, mguu ni wangu, nyumba ni yangu, na bado nayasikia yale maneno yake. Kitu cha kwanza kilichonisaidia. Mungu wangu, ungenipa mwana mjinga tu ingetosha, kwa nini umempa na huzuni?

Saa tatu na hamsini na mbili. Inalia. Ya tatu.

Nimetandika taulo kubwa chini ya kisanduku na nyingine sakafuni, vipande visitawanyike. Maana atarudi, na atavua viatu mlangoni, atakuja peku.