Yule Mmoja Uliyeniambia Nikutajie

Guangzhou, China
Novemba 1998

Kaka yangu Salim,

Shikamoo. Naandika nimekaa kitandani, kwa kuwa meza imejaa sampuli za vikombe na sina pa kuweka kiwiko. Mimi mzima, tena nimenenepa, mashati ya Tanga hayafungi tena. Mguu wako wa kushoto unaendeleaje, umeshakubali kukunjika ukikaa mkekani? Na macho ya mama? Yale matone niliyompelekea anayatia, au amewagawia majirani kama kawaida yake? Baridi imeanza huku. Wakongo wamevaa makoti mawili mawili, mimi natembea na fulana, na Wachina wananishika mkono kuhakikisha kama mimi ni mtu.

Biashara inakwenda. Pale Yide Lu, kwenye maduka ya jumla ya midoli, nikichungulia tu wenye maduka wanapunguza bei kabla sijafungua mdomo. Bosi huku anaitwa laoban, na hilo ndilo jina langu sasa. Ukishuka stesheni ya treni ukauliza laoban mweusi mnene, utaletwa mpaka mlangoni, hata kama umefika na mvua.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha kitako. Ni habari ya mwanetu Rukia na nafasi yake ya kusomea sayansi ya nyuklia.

Utakumbuka nilipokupigia kutoka kwenye vibanda vya simu vya Dengfeng, tuligombana mpaka mwenye kibanda akatoka nje. Ulisema nafasi ataikataa. Ulisema kazi ya mionzi inaharibu kizazi, ulisema atakuwa msichana peke yake katikati ya wanaume, na ulisema huko watamvua ushungi. Mwisho ukaniambia hivi: "Wewe si uko huko kwenye mitambo? Basi nitajie mwanamke mmoja anayeifanya kazi hiyo. Mmoja tu. Mwenye mume, mwenye mtoto, na aliyejisitiri." Nikakujibu nawajua kumi. Ukasema kumi huwataki, unataka mmoja. Simu ilipokatika nikaanza kumtafuta.

Nilimuuliza kila mtu. Mswahili mwenzetu wa ofisi ya mizigo aliniambia nikiendelea kuulizauliza habari za nyuklia nitakamatwa kama jasusi. Nikamwambia, jasusi gani ananunua midoli. Mtambo wenyewe upo, uko pwani, mbali kidogo na hapa mjini. Ningeingia, na nina hakika wangenifungulia, ila wiki hiyo nilikuwa napakia kontena.

Kumbe mtu mwenyewe alikuwa ukutani miezi yote hiyo.

Mwenye nyumba wangu hapa Sanyuanli ni Mzee Chen, fundi viatu mstaafu, mtu mpole. Sebuleni kwake ametundika picha kubwa. Ndani yake kuna watu wamepangwa safu mbili, wamevaa nguo nyeupe kutoka shingoni mpaka miguuni, na kichwani kitambaa cheupe kimefunika nywele, masikio na shingo, uso peke yake ndio uko wazi. Siku ya kwanza kuiona nilijua moja kwa moja kuwa ni wanawake wa Kiislamu, wamevaa mavazi ya kuswalia, wanasubiri swala ya Idi. Maana Waislamu wapo huku, tena wa zamani, msikiti wao una mnara mkongwe kuliko nyumba yoyote ya Tanga. Basi toka siku hiyo, kila nikiingia sebuleni kwa Mzee Chen nainamisha macho. Ni wake za watu wale. Wewe ndiye uliyenifundisha adabu hiyo, na sikuiacha Tanga.

Mwezi uliopita Mzee Chen akanialika chakula. Alinunua sufuria mpya kabisa ya kunipikia samaki, kwa kuwa anajua sili nguruwe. Nikaenda na Kazadi, Mkongo wa Lubumbashi tunayegawana naye stoo. Kichina nakijua, wenyewe wananiuliza maneno, lakini siku ile nilikuwa na mafua. Pale mezani alikuwepo shemeji yake Mzee Chen, mdogo wa mke wake, anaitwa Bi Liang. Mwanamke wa makamo, nywele fupi, amekuja likizo na mumewe na binti yao mwenye meno ya mbele yaliyong'oka. Alipelekwa Ufaransa zamani kusomea kazi, kwa hiyo anajua Kifaransa, na Kazadi ndicho anachoamkia. Bi Liang anasema kwa Kifaransa, Kazadi ananigeuzia kwa Kiswahili chao cha Katanga.

Chai ilipomiminwa niligonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yao huku, halafu nikaona na mimi niseme neno la heshima. Nikanyoosha mkono kwenye picha bila kutazama. Nikasema namsifu Mzee Chen kwa kuwa na jamaa washika dini namna hii, na kwamba mimi sijawahi hata mara moja kuwakodolea macho wale mama.

Kazadi akageuza. Bi Liang akaweka kikombe chini, akaanza kucheka mpaka mumewe akampiga mgongoni. Kisha akainuka, akanishika mkono wa shati, akanisogeza mpaka kwenye picha. Akaweka kidole kwenye uso mmoja.

"Anasema utazame muzuri," Kazadi akasema. "Ule iko na moustache."

Kaka, nilitazama. Sharubu. Na wa pembeni yake ana ndevu za kuchomoza. Nusu ya wale mama walikuwa wanaume. Aliyekuwa katikati ni mkuu wao wa kazi, mzee mwenye kidevu kama cha marehemu baba. Na wa pili kutoka mwisho, safu ya nyuma, ni Bi Liang mwenyewe. Hiyo ni picha ya mafundi wa mtambo wa nyuklia, wamevaa za kuingilia ndani.

Nikamuuliza, wanaume nao wanajifunika hivyo?

"Anasema banavaa wote sawasawa, banaume na banamuke," Kazadi akajibu. "Anasema mule ndani, mutu akitoa kichwa wazi, banamufukuza."

Basi nikakaa tena, na samaki akapoa, nikamuuliza yale matatu yako moja baada ya jingine kama hakimu. Nakuandikia alivyojibu, sikuongeza chumvi, Kazadi ni shahidi.

Kizazi. Akanionyesha binti yake, aliyekuwa chini ya meza anafungua kamba za viatu vyangu. Amezaliwa mama yake akiwa kazini tayari. Alipojua ana mimba alisema, wakamwondoa kwenye sehemu zenye mionzi, akafanya kazi ya kufundisha wageni mpaka akajifungua. Kila mmoja wao anavaa kifuani kitu kidogo kinachopima mionzi aliyopata, kikifika mpaka wake anatolewa, awe mwanamume au mwanamke. Akasema kilichomsumbua hakikuwa mionzi. Baada ya kujifungua, mkuu wake alitaka abaki huko huko kwenye kufundisha moja kwa moja, kwa kumhurumia. Alikwenda ofisini kwake kila Jumatatu mpaka akarudishwa.

Peke yake kati ya wanaume. Hapo sikufichi, ni kweli. Alipoanza, kwenye kundi lake alikuwa mwanamke peke yake. Wageni wakija, yeye ndiye aliyeambiwa atengeneze chai. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa cha wanaume tu, kwa hiyo alisimama nje mpaka wa mwisho atoke, halafu anaingia na kujifungia, na kila siku anafika kazini amechelewa, na kila siku anakaripiwa kwa kuchelewa. Akavumilia sana, kisha akasema kwenye mkutano, mbele ya watu, kwamba hachelewi yeye, kinachochelewa ni mlango. Walinuna, lakini mlango walijenga. Sasa wanawake wa zamu yake wanajaza benchi, na wengine wanamsalimu hawajui kwamba mlango ule una historia.

Ya tatu, ya ushungi, umeshajibiwa na yule bwana mwenye sharubu.

Tulipotoka, Kazadi alitangulia mpaka kwenye ngazi zetu. Pale akaniambia babu yake alichimba mawe hayo hayo ya nyuklia kule Katanga, akayabeba mgongoni kwenye gunia, bila kuambiwa ni mawe gani wala yanakwenda wapi. "Siku ya kubeba," akasema, "hakuna muzungu aliuliza kama ile ni kazi ya mutu mweusi. Leo mutoto anataka kujua mambo iko ndani ya jiwe, tunamuuliza yeye ni nani?"

Nikamwambia neno hilo nitakuandikia kama alivyolisema.

Kaka, mimi niliishia darasa la sita, na hilo la sita nilisoma dirishani zaidi kuliko dawatini. Wewe ndiye uliyekuwa na kichwa, ukaacha shule ili mimi na dada tule. Kichwa chako kimekwenda kwa Rukia. Chuo kinataka idhini yako kabla ya Ramadhani kuingia. Asipotia sahihi baba yake, mimi ni baba mdogo tu, sahihi yangu hawaitaki, nimeshauliza.

Barua hii anakuja nayo Bi Hadija, mfanyabiashara wa Kariakoo, atakupa na kifurushi. Mnisalimie mama, mwambie matone ni yake peke yake. Shemeji Mwanahamisi, mwambie vyombo vyake vipo njiani na vifuniko vyake. Dada Tatu, na mumewe fundi redio. Maalim wa chuoni aliyemsomesha Rukia juzuu, mpe salamu, na umsimulie picha, nataka kujua atacheka wapi. Rukia mwenyewe usimwambie chochote mpaka umalize ninayokuagiza hapa.

Ndani ya kifurushi kuna kofia mbili nyeupe, zile zile za kwenye picha. Bi Liang alinichorea, fundi cherehani wa hapa chini akashona. Ndogo ni ya Rukia. Kubwa nimepimisha kwa kichwa changu, ambacho ni kile kile chako, mama ndiye anayejua alivyotuzaa. Ivae, funga vifungo mpaka kidevuni, simama mbele ya kioo cha kabati, umwite shemeji akutazame. Mkimaliza kucheka, mwite mtoto aje na kalamu.

Uliniambia nikutajie mmoja. Huyo, Bi Liang. Wa pili utanitajia wewe.

Mdogo wako mtiifu, ukitaka usitake,
Hamisi