Maharage Bila Kitunguu

Salimu mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Huku Yeoville tu wazima. Babu yako tu ndiye kanuna kwa wivu. Umeniuliza kwa nini wenyeji wako huko Taiwani hawakuyagusa maharage yako, na nyama hukutia. Ulitia kitunguu!

Nilipofika huku Johannesburg, bado kijana, nilimpikia bibi mmoja wa huko Taiwani, Mbudha, niliyekaa nyumbani kwake. Nyama niliacha, lakini vitunguu nilikaanga tele. Kumbe kwa dini yao navyo haviliwi, wanasema vinaamsha hasira. Hakunigombeza. Alikula wali mtupu, akanishukuru.

Ramadhani ilipoingia, kila mchana alibeba sahani yake akaenda kula gereji, ili nisimwone.

Wapikie tena, mume wangu. Kisu kioshe kwanza.

Bibi yako,
Mwanaidi