Fifi Ina Gunia Lake

Usangu

Kwa mwanangu Masanja, Kasoli.

Mwadila, baba. Mimi ni mzima ukiacha magoti, na magoti unayajua tangu zamani. Huko wote wazima? Ule mguu wa mkeo umepona, au bado anauburuza kwenda kisimani na wewe unajifanya huoni? Nijibu hilo kwanza.

Barua yako niliipata. Nimeisoma mwenyewe, nikairudia, ndugu yako Mabula asije akanilainishia maneno. Umesema nisihangaike kurudi msimu huu. Eti wanunuzi wa siku hizi wanakuja na lori mpaka nyumbani, wanapima, wanaondoka, hawaulizi daraja, kwa hiyo kazi ya kuchagua pamba haipo tena na mimi nipumzike huku. Halafu chini Kabula ameandika kwa mkono wake: "Bibi, mwalimu ametuuliza fifi ni nini. Sikujua."

Hilo ndilo lililoniuma. Mjukuu wangu kazaliwa Kasoli, kalala juu ya pamba kabla hajalala kitandani, na fifi haijui. Mlikuwa mnamfundisha nini?

Basi msomee hapa. Kabula, pamba ikitoka shambani ina madaraja mawili. Daraja la kwanza ni ile nyeupe, kavu, isiyo na jani wala udongo. Daraja la pili ndiyo fifi. Imeguswa na wadudu ikaingia manjano, au imenyeshewa ikiwa imeshapasuka. Mwambie mwalimu wako fifi si taka. Taka tunatupa. Fifi ni pamba, inauzwa, ina kazi yake, ila ina gunia lake. Ukiichanganya na nyeupe umeziharibu zote mbili.

Mimi nililijua hilo kwa aibu. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niolewe. Nikachoka kuchagua, nikatia fifi chini ya gunia na nyeupe nikaiweka juu. Kule chamani, chama cha ushirika tulikouzia pamba, mpimaji akazamisha mkono mpaka begani, akatoa konzi ya manjano, akaniangalia. Hakunitukana. Alimwaga gunia lote kwenye turubai, foleni nzima ikitazama, akasema, "Mama, daraja haliangaliwi mdomoni mwa gunia. Kaa uchague."

Nikakaa. Mama mkwe wangu, bibi yako wewe Masanja, ambaye wakati huo alikuwa hanipendi, akaja akakaa upande wa pili wa lile rundo, akaanza kuchagua pamoja nami. Tulichagua mpaka jua likapinduka. Tulipomaliza akasema, "Sasa umejua. Kuanzia leo kichanja cha kuchagulia pamba ni chako." Ndivyo nilivyopata nafasi katika mji ule, Masanja. Sikuipata kwa kukuzaa wewe.

Huku kwa Mabula sisemi kubaya, lakini si kwangu. Maji yamesimama kila mahali, mbu ni wengi kuliko watu. Mkewe ameshapata nguvu baada ya kujifungua, kazi iliyonileta imekwisha. Ananiheshimu mno. Ananiwekea kiti kivulini, haniachii hata sufuria moja. Juzi nikachukua ungo, nikatenga mchele mzima na chenga, siku mbili nainama. Mnunuzi alipokuja akavimwaga vyote katika gunia moja mbele ya macho yangu, akacheka, "Bibi, siku hizi vyote ni mchele." Mabula naye akacheka, kidogo tu, kwa adabu. Nikautundika ungo. Tangu siku hiyo nakaa kwenye hicho kiti.

Sasa tulipatana nini siku ile stendi ya Bariadi? Ulisema pamba ikianza kupasuka utakuja kunichukua. Imepasuka. Kama wanunuzi hawatazami daraja, shauri yao. Siku watakaposema pamba ya kwetu yote ni fifi, nani hapo atawaonyesha tofauti? Wewe? Wewe ulikuwa unasinzia kwenye kichanja tangu mdogo.

Kwa hiyo sikuombi, nakuagiza. Kichanja usikivunje, najua umeshakitamani kiwe kuni. Pamba ya shamba la mtoni usiipime. Iache juu ya kichanja, ifunike, uweke magunia mawili matupu kando yake, na Kabula akae tayari kujifunza. Mabula anasema safari ni ndefu kwa magoti yangu. Nimemwambia magoti hayachagui pamba.

Msalimie mkeo, umpunguzie ndoo. Msalimie shangazi yako Milembe, mwambie ile sufuria yangu sijaisahau. Mzee wa kanisa naye umwambie aendelee kuniombea, lakini asiniombee kana kwamba nimeshakufa.

Usipokuja, pamba ile isiuzwe. Ikae pale mpaka iwe manjano yote, na kila apitaye njiani aulize ni ya nani, nawe umjibu.

Ni mimi mama yako,
mwenye kichanja.